Popo ndani ya nyumba: anza na dalili unayoiona

Simu za popo huniingia kati ya saa moja na saa mbili usiku. Mimi ni fundi wa paa na silingi jijini Nairobi. Popo sikumsomea popote, lakini chochote kinachoishi juu ya silingi huishia kuwa kazi ya fundi wa silingi. Mwanzo wa simu karibu ni ule ule: “Fundi, kuna kitu kinapaa hapa kwa nyumba!” Nyuma yake nasikia viti vikianguka na mtoto analia, au anacheka. Swali langu la kwanza huwaudhi, kwa sababu wao wanataka kujua watamtoaje. Nauliza: amegusa mtu?

Kama jibu ni ndiyo, au kama hamna uhakika, acheni mengine yote na msome sehemu ya pili hapa chini. Kama ni hapana, vuta pumzi. Una usiku mzima wa kumtoa.

1. Popo anazunguka chumbani sasa hivi

Alipopitia, nikianza na panapotokea sana:

- Dirisha au mlango wa balkoni uliokuwa wazi huku taa zikiwaka. Taa huita wadudu, wadudu humwita popo. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na muda mfupi baadaye popo hutoka kula akiwa na njaa ya mchana kutwa. Ukipika saa hiyo dirisha la jikoni likiwa wazi, umemwandalia meza.
- Venti, yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Katika nyumba za zamani za Ngara, Buruburu na South B, wavu uliowekwa humo ulishaoza na hakuna aliyewahi kupanda ngazi kuutazama.
- Pengo kwenye silingi: kifuniko cha kuingilia darini kilichokaa upande, tundu la waya wa taa, au kona ambapo bodi imeachana na ukuta.
- Bomba la moshi, kwa wale wa Karen na Lavington wenye mahali pa kuwashia moto. Hao hunipigia mara chache.

Cha kufanya: toa watoto, paka na mbwa. Funga milango ya vyumba vingine na usukume taulo chini ya kila mlango. Fungua madirisha yote ya chumba alichomo, pazia livutwe hadi mwisho. Kisha zima taa.

Kwenye taa ndipo watu hubishana nami. Wanataka kumwona. Lakini taa ikiwaka, popo anatafuta giza, na giza lililo karibu ni nyuma ya kabati lako. Isitoshe, wadudu wataendelea kuingia, na pengine na popo wa pili. Zima, keti chini karibu na ukuta, nyamaza. Popo chumbani hushuka katikati ya chumba na kupanda akikaribia ukuta, ndiyo maana anayesimama katikati huapa kwamba amerukiwa kichwani. Nywele zako hazimhusu. Anakuona na anakusikia vizuri kuliko unavyomsikia wewe.

Grili haimzuii, anapita kati ya vyuma. Kinachomzuia ni wavu wa mbu, kwa hiyo uondoe au usogeze. Madirisha ya alumini ya kuteleza, ya fleti mpya za Kilimani na Ruaka, yana shida yake: yanafunguka nusu tu, na mara nyingi kioo cha juu hakifunguki kabisa. Popo anazunguka juu, karibu na silingi, anapita juu ya njia ya kutokea mara hamsini. Hapo mlango wa balkoni ndio bora, kwa sababu unafika juu zaidi.

Mpe dakika ishirini. Wengi hutoka ndani ya kumi.

Usichukue ufagio. Mama mmoja wa Umoja nilimwambia kwa simu, “Mama, zima taa, keti.” Akasema sawa. Nilipofika nilikuta balbu imevunjika, vioo vidogo kwenye sufuria ya sukuma wiki, mumewe ameshika mopu kama mkuki, na popo, mwenye mwili usiozidi kidole gumba cha mtu mzima, amejikunja nyuma ya saa ya ukutani anatetemeka. Mifupa ya bawa la popo ni myembamba kama njiti. Ukimpiga hafi papo hapo. Anaanguka akiwa amevunjika, na popo aliyevunjika ndiye anayeuma.

Ukiona ametulia hatoki tena, mtafute: ndani ya mikunjo ya pazia, juu ya kabati, nyuma ya picha, ndani ya makoti yaliyotundikwa mlangoni. Ukimpata amejishika, ngoja atulie kabisa. Vaa glavu nene za kazi, za ngozi. Zile za kuoshea vyombo jino lake linapita. Mfunike taratibu kwa kopo la plastiki la unga au kasha la viatu, kisha telezesha kadibodi kati ya kopo na ukuta. Kalenda ngumu ya mwaka jana inatosha. Usimbane bawa.

Mpeleke nje usiku huo huo. Usimweke chini. Popo wengi huanza kuruka kwa kujiachia kutoka juu, na wengi wa hawa wadogo wa mijini wakiwa ardhini hutambaa tu hadi paka afike. Egemeza kopo kwenye gome la mti au ukuta wenye mikwaruzo, juu ya kifua chako, ondoa kadibodi na urudi nyuma. Kwenye fleti, ukingo wa balkoni unafaa. Anaweza kukaa dakika kadhaa akipasha misuli moto kabla ya kuondoka.

Acha na uite mtu kama huna glavu, kama yuko mahali pa kufikiwa kwa kupanda kiti juu ya stuli, au kama umejaribu mara mbili akakutoroka. Funga chumba, lala kwingine, na piga simu kwa Huduma ya Wanyamapori, KWS, au kwa daktari wa mifugo wa karibu. Popo ni mnyamapori, kwa hiyo hutakuwa umewasumbua.

2. Ameuma au amekwaruza, au umeamka ukamkuta chumbani

Hapa hakuna tena mambo ya paa. Popo anaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Hapa kwetu karibu kila anayekufa kwa kichaa ameumwa na mbwa, na hilo limewafanya wengi, hata wenye elimu yao, waseme popo hana neno. Oktoba 2007 mwanamke wa miaka 34 kutoka Uholanzi alikuwa amepiga kambi karibu na Tsavo Magharibi, kwenye njia hii yetu ya Mombasa. Popo mdogo akamgonga usoni na kumkwaruza puani. Alikufa kwao Desemba mwaka huo huo, kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa karibu wa kichaa cha mbwa. Ni tukio la nadra sana. Lakini ugonjwa huu dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona, kwa hiyo hatuuchezei kamari.

Mambo yanayotokea, kuanzia la kawaida:

- Mtu alimshika kwa mkono mtupu, au kwa kitambaa chepesi, ili kumtoa. Hili ndilo kubwa, na karibu kila mara ni mwanamume anayetaka kuonyesha kwamba haogopi.
- Mtoto alimwokota sakafuni akidhani ni ndege au panya.
- Mtu aliamka akamkuta chumbani. Meno ya popo mdogo ni kama ncha ya pini, na alama inaweza isionekane. Aliyelala fofofo, mtoto mchanga, mgonjwa au mlevi hawezi kukuambia kama aliguswa. Mhesabu kuwa ameguswa mpaka daktari aseme vingine.
- Mate ya popo yaliingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda kibichi.

Cha kufanya, sasa hivi: osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Mfereji ukiwa mkavu, na Nairobi huwa mkavu, mtu akumiminie kutoka mtungini. Ukiwa na dawa ya aidini, paka baada ya kuosha. Usikamue jeraha, usipake pilipili wala mafuta ya taa, usilifunge kwa kubana.

Kisha nenda hospitali usiku huo au asubuhi mapema. Sema neno “popo” mapema, pale mapokezi. Piga simu kabla ya kutoka uulize kama wana chanjo ya kichaa cha mbwa na kingamwili za kudungwa kwenye jeraha, maana si kila kituo huwa navyo. Chanjo hutolewa kwa awamu: siku unayofika, siku ya 3, siku ya 7, na kuendelea kadiri daktari atakavyopanga. Sindano za baadaye usiziruke kwa sababu unajisikia mzima. Na ukiambiwa “huyo ni popo tu, nenda nyumbani”, nenda hospitali nyingine.

Popo mwenyewe, kama yumo ndani, usimwachilie na usimponde kichwa. Maabara ya mifugo ya Kabete hupima kichaa cha mbwa, na kinachopimwa ni ubongo. Mfungie kwenye kasha bila kumgusa, mbali na chakula, na umwambie daktari kwamba unaye. Akishatoroka, usipoteze muda kumtafuta. Chanjo haimsubiri.

Paka au mbwa wako akimkamata popo, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama chanjo yake haijaisha muda. Usimpokonye kwa mkono mtupu.

3. Popo yuko sakafuni, haruki

Mara nyingi amechoka na amekaukiwa maji baada ya usiku mzima wa kuzunguka. Wakati mwingine ni mtoto aliyeanguka kutoka darini: mdogo, manyoya haba, wakati mwingine hana kabisa. Au paka amepitia hapo kabla yako. Mara chache ni mgonjwa, lakini popo aliye chini mchana kweupe mhesabu kuwa mgonjwa.

Mfunike kwa kasha lenye matundu madogo ya hewa, tia kitambaa ndani cha kujishikilia, mweke mahali penye giza na kimya. Jioni mjaribu kwenye mti kama nilivyoeleza. Asipoondoka, KWS au daktari wa mifugo. Maziwa usimpe. Na kama ni mtoto, tazama juu: mama yake yuko darini kwako, na una kazi ya sehemu inayofuata.

4. Wanaingia tena na tena, au kuna kelele na harufu darini

Popo mmoja kwa mwaka ni bahati mbaya. Watatu kwa mwezi wanakaa kwako.

Hakikisha kwanza ni popo, kwa sababu nimeitwa mara nyingi kutoa popo nikakuta panya. Panya hukimbia usiku wa manane na kutafuna. Popo hatafuni nyaya wala mbao. Utamsikia akikwaruza na kulialia kwa sauti nyembamba jioni kabla ya kutoka, na alasiri ya jua kali mabati yakichemka. Kisha tazama kinyesi. Vyote viwili ni vyeusi na vinafanana na punje za mchele. Bonyeza kwa kijiti, usitumie kidole: cha popo kinavunjika kuwa unga wenye vipande vinavyong'aa, mabawa ya wadudu hayo. Cha panya ni kigumu, au kinanyumbuka kikiwa kibichi. Chenye ncha nyeupe ni cha mjusi, na huyo mwache aendelee na kazi yake.

Wanapoingilia, kuanzia pa kawaida:

- Ukingo wa mabati. Mabati yana mawimbi, mbao imenyooka, kwa hiyo chini ya kila wimbi kuna kidirisha. Fundi mvivu hazibi. Upana wa kidole unamtosha popo.
- Fesha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, iliyopinda kwa mvua na kuachana na ukuta.
- Kofia ya juu ya paa iliyoinuliwa na upepo, au isiyopigwa misumari ya kutosha.
- Vigae vilivyovunjika, na mahali bomba la maji linapopenya.

Chunguza hivi. Chagua jioni isiyo na mvua. Watu wawili, pembe mbili zinazokabiliana za nyumba, kila mmoja akiona kuta mbili. Simama kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na robo. Zima taa ya nje. Utawaona wakidondoka mmoja mmoja, kama majani makavu yanayobadili mawazo kabla ya kufika chini. Hesabu, na uweke alama walipotokea. Asubuhi patazame: doa la kahawia lenye mafuta kwenye ukingo, na vinyesi ukutani chini yake. Hapo ndipo mlango wao mkuu.

Sasa kosa ninalolipwa kulirekebisha mara nyingi kuliko lolote: watu huziba mlango huo siku ile ile, mchana. Popo wote wako ndani. Wakikosa njia ya nje wanatafuta ya ndani, na unawapata sebuleni kumi kwa mpigo, wengine wanakufa darini na kuoza hapo. Nilitapishwa na harufu hiyo Kahawa West, kwenye nyumba ambayo fundi mwingine alishalipwa na kuondoka.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Ziba matundu mengine yote kwanza na uache ule mlango mkuu. Juu yake tundika wavu laini wa mbu, upigwe misumari juu na pembeni, chini uwe wazi, uning'inie nusu mita chini ya tundu. Popo anatoka kwa kuteremka kati ya wavu na ukuta. Akirudi anatua pale pale pa zamani, juu ya wavu, na hapiti. Acha usiku 7. Hesabu tena jioni. Wakiwa hawatoki tena, ondoa wavu na uzibe.

Kabla ya kuutundika, hakikisha hakuna watoto. Popo wa kwetu wengi huzaa karibu na majira ya mvua, wadudu wakiwa tele, na mtoto huchukua wiki kadhaa kabla ya kuruka. Mimi hupendelea baridi ya Julai na Agosti. Lakini usitegemee kalenda pekee: nusu saa baada ya wakubwa kutoka, tega sikio kwenye silingi. Ukisikia vilio bado, watoto wamo. Ahirisha wiki sita.

Vifaa: kwa ukingo wa mabati, waya wa trei za kahawa unapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ule wa kuku matundu yake ni makubwa mno. Mapengo membamba, silikoni. Fomu ya kupuliza, lile povu linaloganda, peke yake panya atakuja kuitafuna, kwa hiyo itanguliwe na waya. Kwenye venti, wavu mpya kwa ndani. Na ukiwa huko juu, tazama kifuniko cha tangi la maji. Nimetoa popo waliokufa ndani ya matangi ambayo watu walikuwa wakinywa.

Kinyesi kidogo kinafutika: fungua madirisha, vaa barakoa ya N95 na glavu, nyunyizia maji yenye sabuni mpaka kilowe, kisha kusanya kwenye mfuko. Kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Kikiwa kimejaa silingi hadi bodi imelegea, usipande. Iite kampuni ya usafi yenye vifaa. Mwenye pumu au kinga hafifu asikaribie kabisa.

Acha pia, na usiguse hata msumari, kama paa ni la asbestosi, yale mabati mazito ya kijivu ya nyumba nyingi za zamani za serikali. Kuitoboa na kuikata kunatoa nyuzi za hatari, na kazi hiyo ina masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Ukiona waya wa stima ulio uchi darini, teremka na umwite fundi wa stima. Kama ni nyumba ya kupanga, paa ni la mwenye nyumba. Mpelekee picha za madoa na hesabu ya jioni, usianze kutoboa fesha yake.

5. Ukuta wa veranda umechafuka makapi na mbegu

Huyo ni popo wa matunda, mkubwa, mwenye uso kama mbwa mdogo. Hakai darini kwako. Anachuma kwa jirani mwenye mpera, mlokwati au mkuyu, anakuja kujining'iniza chini ya paa la veranda yako, anatafuna, anatema makapi, anaondoka. Mlio wake wa usiku, kama kengele ndogo inayogongwa bila kuchoka, umewanyima watu usingizi na kuwapa hadithi za wachawi. Hajatumwa na mtu. Popobawa, lile jini la hadithi, mwache Pemba.

Tundika vipande vya kitambaa au utepe unaopepea pale anapojishikilia, ahamie kwingine. Osha ukuta mapema kabla rangi haijashika. Matunda yenye alama za meno, usiyale.

Vitu vya kutopoteza pesa

Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodai kutoa sauti ya kufukuza popo: nimevikuta vinawaka taa ya kijani, na popo wamelala mita moja juu yake. Nafthalini inakuumiza kichwa wewe kwanza. Sumu ni mbaya kuliko vyote: popo anaanguka sakafuni akiwa hai nusu, mahali mtoto anapotambaa, na tumesharudi sehemu ya pili.

Ukimaliza kuziba, jioni hiyo hiyo rudi nje usimame palepale ulipokuwa ukihesabu, hadi saa moja na robo. Akitokea hata mmoja mahali papya, hilo ndilo tundu ulilolikosa, na kesho wavu unahamia hapo.